Muuaji sio jiniasi: hotuba yangu kwa wapenzi wa muvi za wapelelezi

Kwa ndugu ambao hamkufika, hii hapa hotuba yote kama nilivyoitoa. Picha za kwenye skrini nimeziacha, na pale palipokuwa na vicheko nimepita tu, mtacheka wenyewe mkifika.

Habari za jioni jamani. Wale mliosimama mlangoni viti vipo huku mbele, najua mnakwepa kukaa mbele mkidhani nitawauliza maswali, na kweli nitawauliza, kwa hiyo kaeni popote tu haitasaidia.

Swali la kwanza. Yule muuaji wa kwenye muvi, anayewindwa na mpelelezi kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mnamjua? Ngoja nimwelezee, nikikosea mnisahihishe. Anakaa peke yake kwenye nyumba safi kupita kiasi. Anasikiliza piano. Anaongea polepole, kwa upole, hapandishi sauti hata akiwa na pingu mikononi. Anajua Kilatini, anacheza sataranji, anapika vizuri. Kila akiua anaacha fumbo, na mafumbo yote yanakuja kuungana mwishoni utadhani alikuwa na skripti mfukoni. Anajua mpelelezi anakaa wapi, mkewe anaitwa nani, mtoto anatoka shule saa ngapi. Nimekosea?

Sijakosea. Basi leo nimekuja kumvua nguo huyo mtu.

Nina kitu kimoja tu cha kusema na nitakirudia mpaka mchoke: muuaji sio jiniasi. Na sijaja kuziponda hizi muvi, mimi nazipenda, nikiianza moja usiku siwezi kulala kabla haijaisha. Ila nyie humu ndani wengi mnaandika skripti, wengine mna kamera tayari, na mkienda kuandika ya kwenu nataka mjue kwamba kila mnapomwongezea muuaji akili kuna mtu mwingine mnampunguzia lawama. Mtu gani? Tutamfikia, msiwe na haraka.

Twende Uingereza kwanza, kaskazini, Yorkshire. Kuanzia 1975 mpaka 1980 kuna mwanaume anaua wanawake usiku, anawapiga nyundo kichwani. Jina lake Peter Sutcliffe, dereva wa lori, ana mke, ana nyumba, ana majirani wanaomsalimia. Aliua wanawake 13 na kujaribu kuua wengine 7. Sasa sikilizeni vizuri hapa: polisi walikutana naye na kumhoji mara 9 katika ule msako. Mara tisa jamani! Sio kwamba alijificha pangoni, walikuwa wanamgongea mlango anafungua mwenyewe.

Mwaka 1977 kwenye mkoba wa mwanamke mmoja aliyeuawa Manchester ikakutwa noti mpya ya pauni 5. Polisi wakafanya kazi nzuri sana, nawasifu, wakafuatilia namba ya noti mpaka benki, kutoka benki mpaka kwenye kampuni zilizolipa mishahara kwa fungu lile la noti, wakabaki na wafanyakazi maelfu kadhaa na Sutcliffe yumo. Wakaenda kwake. Akawaambia siku ile alikuwa nyumbani na familia, familia ikasema ndio, wakaandika kadi, wakaondoka.

Halafu Juni 1979 ikaja kaseti. Mtu anaongea, anajiita Jack, anamdhihaki mkubwa wa upelelezi kwa jina, anasema hamnikamati ng'o. Nyie mnaijua hii sini, si ndio? Hii ndio sini ya jiniasi. Muuaji anatuma ujumbe, mpelelezi anausikiliza mara mia, jasho linamtoka. Wakubwa wa polisi nao wakaiona hiyo sini na wakaipenda. Wataalamu wa lafudhi wakasema sauti hii ni ya Wearside, kule Sunderland, na kuanzia hapo msako wote ukaelekea huko, ukiwa huna lafudhi ya Wearside umepona. Sutcliffe ni mtu wa Bradford, mji wa huko huko Yorkshire, anaongea kama mtu wa Bradford. Na wapo wanawake walionusurika mikononi mwake waliosema kabisa yule mtu anaongea kama watu wa hapa hapa. Nani aliwasikiliza? Kaseti ilikuwa tamu zaidi.

Baada ya ile kaseti wanawake watatu zaidi waliuawa. Na mwenye sauti? Alikuwa mwongo tu, hahusiki na lolote, alikuja kupatikana 2005 kwa DNA ya mate kwenye bahasha, akafungwa miaka 8.

Sasa alikamatwaje Sutcliffe? Hii ndio napenda waandishi mwisikie. Januari 1981, mji wa Sheffield, askari wawili wa doria ya kawaida wanaona gari limeegeshwa gizani. Wanaulizia namba za gari, zinakuja ni za gari lingine. Basi, umeiba namba, twende kituoni. Yeye anaomba kwanza akakojoe pembeni. Kesho yake yule sajenti akajiuliza, hivi yule jamaa alikwenda kukojoa wapi? Akarudi peke yake mpaka pale, akaangalia nyuma ya tangi la mafuta, akakuta nyundo na kisu.

Imeisha. Hakuna mvua, hakuna kufukuzana juu ya paa, hakuna bunduki. Namba za gari na sajenti aliyerudi kuangalia.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba jina lake lilikuwepo ndani ya jengo miaka yote hiyo. Chumba cha msako kilikuwa na kadi za karatasi nyingi mpaka sakafu ikabidi iimarishwe ibebe uzito, na kadi zake zilikuwemo humo, ila moja ipo kwenye boksi hili, nyingine boksi lile, hakuna aliyeziweka pamoja mezani akazisoma kwa mpigo. Aibu ile ndio iliyowasukuma Waingereza kutengeneza mfumo wa kompyuta wa polisi wa kushughulikia kesi kubwa miaka ya themanini.

Kwa hiyo nauliza, jiniasi ni nani kwenye stori hii? Simuoni. Namuona mtu wa kawaida mwenye nyundo, na naona wakubwa waliotaka awe jiniasi.

Kuna mwenzangu ananiambia haya sawa lakini Zodiac je? Zodiac, yule wa California, 1968 na 1969, watu watano wanaojulikana kwa hakika aliwaua, na barua kwenye magazeti, na maandishi ya siri. Huyo ndio baba wa majiniasi wote wa muvi, nusu ya adui mnaowajua wamekopi kwake. Haya. Fumbo lake la kwanza lilifunguliwa na mwalimu mmoja na mkewe, nyumbani kwao, baada ya siku chache tu. La pili, lenye alama 340, alilituma Novemba 1969 na likakaa miaka 51 bila kufunguliwa. Watu wamezeeka nalo. Watu wakaamini humo ndani kuna jina lake, au kuna sababu, kuna siri ya roho ya mwanadamu. Desemba 2020 watu watatu, mmoja Marekani, mmoja Australia, mmoja Ubelgiji, kwa msaada wa programu za kompyuta wakalifungua.

Mlikuwa mnataraji nini? Kulikuwa na majigambo. Natumaini mnafurahia kunitafuta, siogopi chumba cha gesi cha kuulia waliohukumiwa kifo, nikifa nitakuwa na watumwa peponi. Basi. Neno pepo lenyewe kalikosea spelingi. Na sehemu ya ugumu wa lile fumbo ilitokana na yeye mwenyewe kukosea kupanga alama zake! Miaka 51 dunia inaumiza kichwa, kumbe sehemu moja jamaa alichanganya tu.

Muuaji sio jiniasi.

Naelewa kwa nini muvi zinafanya vile, msidhani sielewi. Steringi anahitaji adui wa saizi yake, ukimpa mpelelezi hodari adui mjinga muvi inaisha dakika ya ishirini na watu wanadai hela zao. Naelewa. Lakini kuna njia nyingine ya kupata ugumu, na ni ngumu zaidi kuandika, ndio maana wengi wanaikwepa: ugumu unatoka kwa anayewinda. Kwa mazoea yake, kwa wale anaowadharau, kwa haraka ya bosi wake anayetaka jina la kuwapa waandishi wa habari kabla ya Ijumaa.

Sasa tuje kwa steringi mwenyewe. Naye tunamjua. Halali, hali, anakunywa, mke kamkimbia, bosi kamnyang'anya bastola na kitambulisho, ukutani kabandika picha na nyuzi nyekundu. Usiku wa manane anaruka kitandani, "nimempata!"

Mimi nataka niwatambulishe mpelelezi mwingine, Ernst Gennat, wa Berlin, Ujerumani, miaka ya ishirini na thelathini. Mnene haswa, anapenda keki kuliko chochote, kukimbiza mtu hawezi hata hatua kumi. Mwaka 1926 alianzisha kitengo cha mauaji kinachojitegemea. Kabla yake askari walikuwa wanafika eneo la tukio halafu wanafanya nini? Wanapanga! Wanamnyoosha marehemu miguu, wanamfunika, wanaokota viti vilivyoanguka, kwa heshima tu, nia nzuri kabisa, na wakimaliza ushahidi umekwisha. Gennat akasema hakuna kugusa kitu. Akatengenezewa gari maalumu la mauaji, mule ndani kuna taipureta, kamera, glovu, taa, koleo, yaani ofisi nzima inatembea, unafika, unaweka taipureta, unaandika pale pale kabla kumbukumbu haijaanza kudanganya.

Huyu mzee inasemwa ndiye alikuwa mfano wa inspekta kwenye filamu ya Fritz Lang ya 1931, ile inayoitwa kwa herufi moja tu, M. Wangapi mmeiona? Wachache. Itafuteni, ina miaka zaidi ya tisini na bado inawazidi wengi. Kuna sehemu nataka niwaonyeshe jinsi makaratasi yanavyoweza kuwa sini ya kutisha. Muuaji wa watoto ameandika barua gazetini kwa penseli nyekundu, na karatasi imeacha alama za mbao, kwamba aliandikia juu ya ubao mkavu usio laini. Polisi hawana jina. Wana orodha, orodha ya watu waliowahi kutibiwa akili wakaruhusiwa kurudi mitaani. Askari anatumwa kwa mmoja mmoja. Anafika chumbani kwa huyu, mwenyewe hayupo, anaangalia meza, meza sio yenyewe, anaangalia kapu la takataka, anaandika kila alichokiona, paketi ya sigara aina fulani, anaondoka. Hajapata kitu! Anarudi ofisini anasoma ripoti yake kwa sauti ya kuchoka, na inspekta anasikia jina la ile sigara, akakumbuka vipande vya sigara hiyo hiyo viliwahi kuokotwa penye tukio. Wanarudi. Meza sio, lakini dirisha je? Wanapapasa ubao wa dirishani, na pale kwenye ufa kuna unga mwekundu wa penseli.

Mnaona? Hajapigwa mtu. Mtu kaandika ripoti vizuri, mwingine kaisikiliza vizuri. Na ukumbini watu wanashika pumzi.

(Aliyeniuliza mapumzikoni kama ule mluzi anaoupiga muuaji kwenye M ni wa Peter Lorre mwenyewe, aliyecheza kama muuaji: hapana, inasemekana Lorre hakujua kupiga mluzi, akapiga dairekta.)

Nimesema hajapigwa mtu. Hapa ndio pananiumiza na hapa nitakaa kidogo mnivumilie.

Gennat alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: askari atakayemgusa mtuhumiwa kwa ngumi, kazi hana. Leta sasa muvi zetu. Steringi anafunga pazia la chumba cha mahojiano, anazima kamera, anakunja mikono ya shati. Ukumbini tunafanya nini? Tunashangilia. Na kwenye muvi ikipigwa ngumi ya tatu mtu anasema ukweli, kila mara, mtu anasema ukweli kwa sababu mwandishi anajua kwamba ni yeye. Lakini mpelelezi wa kweli hana mwandishi nyuma yake. Mtu aliyepigwa au aliyenyimwa usingizi anasema chochote kitakachofanya ngumi ziishe, na mara nyingi ukweli haupo kwenye orodha.

Leicestershire, Uingereza. Wasichana wawili, kila mmoja miaka 15, mmoja aliuawa 1983 mwingine 1986, vijiji jirani. Kijana wa miaka 17 akakamatwa, akakiri lile la pili. Kakiri! Kesi imeisha, pigeni picha, pongezi. Ila polisi walitaka aunganishwe na lile la kwanza pia, na bahati nzuri chuo kikuu cha Leicester hapo karibu kulikuwa na mwanasayansi Alec Jeffreys ambaye 1984 aligundua jinsi ya kumtambua mtu kwa DNA. Wakampelekea sampuli kuthibitisha tu. Majibu yakarudi: wasichana wote wawili wameshambuliwa na mtu mmoja, na mtu huyo sio kijana wenu.

Mtu wa kwanza kuokolewa na DNA kwenye kesi ya mauaji alikuwa mtu aliyekiri. Liwekeni hilo kichwani kabla hamjaandika ile sini ya pazia.

Halafu wakaomba wanaume wa eneo lile watoe damu, wakajitokeza maelfu. Muuaji, Colin Pitchfork, mwoka mikate, akamshawishi mwenzake wa kazini akatoe kwa jina lake, na ikapita. Akaja kukamatwa Septemba 1987 kwa sababu yule mwenzake alibwabwaja baa na mwanamke mmoja akasikia, akaenda kusema polisi. Yaani sayansi ilimsafisha asiye na hatia, muuaji akakamatwa kwa umbea wa baa. Na mtu anayemtuma mwenzake akamtolee damu mnamwitaje, jiniasi? Janja ya mtoro wa shule ile.

Korea Kusini sasa. Hwaseong, 1986 mpaka 1991, wanawake na wasichana kumi wameuawa, mdogo hajafika hata miaka kumi na tano, mkubwa zaidi ana sabini na kitu. Bong Joon-ho akatengeneza muvi kuhusu kesi hiyo mwaka 2003, Memories of Murder, wakati muuaji bado hajulikani. Wenye muvi zenu kichwani mtakumbuka sini ya mwanzo mwanzo, shambani, alama ya kiatu cha muuaji ipo kwenye tope, mpelelezi anapiga kelele isiguswe isiguswe, na trekta linakuja taratibu linaikanyaga. Sini moja, hakuna maelezo, umeshajua kesi hii itakwenda vipi. Na steringi ni yule mpelelezi wa kijijini anayeamini akimkazia mtu macho anajua huyu ni mhalifu au sio, na kama macho hayatoshi basi kuna mateke.

Maisha yenyewe yakawa mabaya kuliko muvi. Mauaji ya nane, 1988, msichana mdogo kauawa chumbani kwake. Polisi wakamkamata kijana mmoja fundi, mwenye ulemavu wa mguu tangu utotoni, wakamkesha usiku na usiku bila kulala mpaka akakiri. Alikaa gerezani karibu miaka 20. Ishirini! Akatoka 2009 akiwa mzee kabla ya wakati wake, na kila anakokwenda ni muuaji.

Mwaka 2019 vielelezo vya zamani vikapimwa upya DNA. Jina likatoka: Lee Choon-jae. Yuko wapi? Yuko gerezani tayari, anatumikia kifungo cha maisha tangu miaka ya tisini kwa kumuua shemeji yake. Akakiri mauaji 14, na lile la nane likiwemo. Yule fundi akasafishwa na mahakama Desemba 2020. Tunasema za mwizi ni arobaini, huyu zake zilikwenda zaidi ya miaka thelathini, na hata zilipofika hakuweza kushtakiwa kwa yale ya Hwaseong kwa sababu muda wa kisheria ulishapita tangu 2006.

Na mnajua alisema nini mahakamani alipoitwa kama shahidi? Kwamba yeye mwenyewe alishangaa. Alishangaa kwa nini hawakumkamata, maana mambo yalitokea jirani na alipokuwa anaishi na hakuhangaika sana kuficha. Walishawahi kumhoji zamani zile, wakamwacha, mojawapo ya sababu ni kwamba walikuwa wanaamini muuaji ana kundi lingine la damu.

Muuaji mwenyewe anashangaa! Nirudie nini tena hapo?

Wakamuuliza kama ile muvi ameiona. Ameiona, gerezani. Akasema kwake ilikuwa muvi tu, haikumgusa. Bong aliimalizia ile muvi na steringi akitazama moja kwa moja kwenye kamera, kwa matumaini kwamba siku moja muuaji ataketi mahali aitazame na macho yakutane. Yalikutana, na jamaa hakusikia kitu. Mimi hilo limenifundisha kuliko vitabu vyote vya uandishi: msimwandikie muuaji. Hana la kuwapa. Kabla ya mwisho kuna mtoto wa kike anaulizwa yule mtu uliyemwona alikuwaje, anajibu alikuwa na sura ya kawaida tu, kama kila mtu. Bong aliandika hilo miaka 16 kabla ya jina kupatikana, na alipata kweli.

Kwa hiyo tuwaandikie akina nani? Waliokufa. Naomba mnijibu kimoyomoyo, muvi ya mwisho ya namna hii uliyoiona, muuaji anaitwa nani? Umepata haraka. Na marehemu wa kwanza? Hmm. Mnaona. Skripti nyingi ninazoletewa zinafungua na maiti ya msichana mzuri, nywele zimepangwa vizuri, mwanga mzuri, hajasema hata neno moja kwenye muvi nzima na kazi yake ni kulala pale steringi apige magoti aangalie kucha zake.

Kule Yorkshire polisi walifika mahali wakatamka hadharani kwamba muuaji sasa ameanza kuua wasichana wasio na hatia. Sasa! Kwa maana waliotangulia, kwa kuwa baadhi yao walikuwa wanajiuza, walikuwa na hatia ya nini? Novemba 2020 ndio mkuu wa polisi wa West Yorkshire aliomba radhi kwa familia kwa lugha ile, miaka arobaini baadaye, na huku Sutcliffe mwenyewe ndio kwanza amekufa. Na siwaambii hili tuwe watu wema tu, lina uzito kwenye upelelezi wenyewe: kumdharau marehemu ndiko kuliwafanya wasiwasikilize walionusurika. Yule mtu niliyesema tutamfikia, anayepunguziwa lawama tukimpamba muuaji, ndio huyu, mkubwa mwenye ofisi ambaye ushahidi ulikuwa mbele yake na akaupima kwa aina ya mwanamke aliyeuleta.

Turudi kwa Lang mara moja, mwanzo wa M. Mama anafua nguo, amechoka, anaandaa meza ya chakula cha mchana kwa mtoto wake Elsie. Sahani, kijiko. Saa inagonga. Watoto wa jirani wanapanda ngazi, Elsie hayumo. Mama anatokeza kwenye ngazi anaita Elsie! Ngazi tupu. Anaita tena dirishani. Kamera inaonyesha sahani ile, mezani, safi, haijaguswa. Halafu mpira unabingirika kutoka vichakani unasimama. Puto alilonunuliwa na yule mtu limenasa kwenye nyaya za simu.

Hakuna kisu, hakuna damu, muuaji tumeona kivuli chake tu, na Elsie tunamjua. Tunajua mama yake anakunjaje vitambaa. Mwaka 1931 watu walishajua hii, sisi tuna kamera za kwenye simu zinazozidi yake na bado tunapoteza dakika nne kuonyesha muuaji anavyonoa kisu.

Namalizia, naona mwenye ukumbi ananitolea macho. Kuna kituko kimoja cha San Francisco. Mwaka 1971 mfanyabiashara wa migahawa ya piza, Tom Hanson, akatengeneza muvi ya haraka haraka kuhusu Zodiac, sio kwa ajili ya sanaa, alitaka kumkamata. Akaona jamaa ana majivuno, lazima atakuja kujitazama. Basi ukumbini akaweka bahati nasibu, zawadi pikipiki, unaingia unapewa kadi, unamalizia sentensi: nadhani Zodiac anaua kwa sababu… unaandika, unatumbukiza kwenye boksi. Na mtu wake amejificha humo ndani na tochi, kadi ikidondoka anaisoma pale pale analinganisha mwandiko na barua za Zodiac. Hakupatikana mtu. Ila nafikiria zile kadi, ukumbi mzima wa watu wenye akili zao wamekaa na kalamu wanamtafutia muuaji sababu nzuri, kila mtu na nadharia yake, na hakuna kadi hata moja iliyomuuliza mtu chochote kuhusu wale watano waliouawa.

Haya, maswali. Dada wa pale dirishani umenyoosha mkono tangu kwenye kaseti, anza wewe, na wengine msianze kutoka, mkutano haujafungwa.